Sifuri Kumi na Saba za Léonce

Tubetiane, dau ni brosheti mbili za mbuzi na ndizi ya kuchoma: hii hakuna atakayeiamini. Hapo Niboye, Kigali hii hii, kuna wanafunzi wa chuo kikuu, watu wa sayansi, wanaojua jina la Kilatini la kila chura, na kompyuta wamefundishwa na mtu aliyeacha shule primeri ya tano. Mtu mwenyewe ana kitambi na miwani ya mkono mmoja, na anaitwa Léonce. Ukibisha, agiza brosheti kabisa, maana umeshashindwa.

Léonce alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili chake kinatembea bila fimbo. Alirudi Rwanda akiwa kijana, akapata kazi ya kubeba karatasi kwenye ofisi moja ya Kiyovu, na sekretari wa hapo, Mama Médiatrice, akamwonyesha herufi zinakaa wapi. Yeye anasema alijua yote kwa siku tatu. Mama Médiatrice anasema ilikuwa miezi minane, lakini Mama Médiatrice hana duka, basi nani atamsikiliza.

Duka la Léonce ni jembamba kama kabati. Kuna kompyuta mbili, printa inayokohoa, na mashine ya fotokopi ambayo haipendi Jumatatu. Asubuhi anawajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao: cheti cha kuzaliwa, mtihani wa udereva, mambo hayo. Mchana wanaingia wanafunzi. Simu wanazichezea kama wachawi, lakini wape jedwali la namba uone. Wanakaa kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe. Wanaandika "sentimita 12" na jina la mmea pamoja sehemu moja, halafu wanashangaa kwa nini Excel inakataa kujumlisha. Faili moja wanaiita "mwisho", ya pili "mwisho kabisa", ya tatu "mwisho wa kweli".

Léonce anawachapa kwa mdomo. Anawaambia kichumba kimoja, mpangaji mmoja. Hiyo sentimita ipande juu, ikaandikwe mlangoni. Usihesabu kwa kalkuleta halafu ukaandika jibu, maana kesho namba ikibadilika kalkuleta haitakuja kukukumbusha, weka fomula. Na daftari la kwanza, ile karatasi ya mwanzo kabisa, haiguswi. Tengeneza nakala, hiyo nakala ndiyo uiharibu unavyotaka. Wakimaliza anawaambia profesa ndiye anapika, lakini kushika kijiko amewafundisha yeye.

Kwa miaka kumi na tisa mke wake Xavérine alikaa kwenye stuli upande wa kushoto. Mteja akileta daftari la mkono, Xavérine alisoma kwa sauti, Léonce akapiga bila kuangalia karatasi. Walikwenda kasi mpaka watu walisimama mlangoni kutazama. Mtu akiuliza nani hapa ndiye fundi, Léonce alijibu, "Huyu ananisomea tu. Mikono ni yangu." Xavérine aliendelea kusoma.

Mwezi wa tatu Xavérine aliamka Jumanne na kichwa kinauma. Alhamisi walimrudisha nyumbani kwenye sanduku. Niboye nzima ilikuja, ikakaa, ikaleta makreti ya Fanta, ikamwambia komera, jikaze. Léonce alisema asante. Baada ya wiki alifungua duka, akaweka rimu za karatasi juu ya ile stuli, akaendelea na kazi.

Kilio alikingoja kama mtu anavyongoja karatasi kwenye printa. Taa inawaka, karatasi imo, hakuna kinachotoka. Chakula kilikuwa hakina ladha. Aliongeza chumvi, kikabaki vilevile, akaacha. Mizaha iliendelea, lakini ilitoka mdomoni tu, na watu walipocheka alisikia kama wanacheka kwenye uzio wa jirani.

Mwezi wa sita akaja Christella. Ni msichana wa mwaka wa mwisho, biolojia, amepanga chumba nyuma ya soko, na kwao pia walitokea Bujumbura, kwa hiyo anamwita Léonce tonto, yaani mjomba, na wanaongea Kiswahili cha Buyenzi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuhesabu viluwiluwi vya mbu. Kila wiki, kwa wiki kumi, alishuka bondeni chini ya Rebero, kwenye madimbwi kumi na mawili, anachota kwa upawa mara kumi kila dimbwi na kuandika alichokuta. Kumi mara kumi na mbili, namba mia na ishirini. Alikuwa na mitihani wiki hiyo, akaomba Léonce amwingizie zote kwenye Excel.

Léonce aliingiza peke yake. Jicho kwenye daftari, jicho kwenye skrini, kidole kwenye mstari. Kazi ya dakika ishirini ilichukua mchana mzima. Alimpa Christella faili yenye vichumba mia na ishirini vyote vimejaa, vimenyooka kama gwaride. Christella akaweka wastani bila kurudi kwenye daftari, akachora grafu, na grafu ikatoka nzuri ajabu: wiki za mvua kubwa za Aprili, viluwiluwi vinashuka mpaka karibu na chini. Akaandika kurasa mbili kwamba mvua kubwa inavisomba, akazipeleka kwa msimamizi wake, Dokta Kabera.

Jumatano alirudi dukani. Hakukaa. Alikunja mikono akamuuliza.

"Tonto, tarehe kumi na nne ya Aprili, dimbwi la tisa, nilikuta viluwiluwi vingapi?"

Léonce alifungua faili. "Sifuri. Sifuri safi, nimeiweka katikati kabisa."

"Siku ile sikufika. Njia ilikuwa chini ya maji. Kwenye daftari niliacha wazi."

"Ndiyo. Iko wazi, basi nimejaza."

Kisha akamweleza, kwa ile sauti yake ya kuwafundisha watu wa sayansi, kwamba fomu yoyote ya serikali ukiiachia kichumba kitupu inakuwekea nyota nyekundu na inakataa kuendelea. Miaka yote anajaza. Hakuna baba, andika hakuna. Hakuna gari, andika sifuri. Mtu anayeacha tupu ni mvivu.

"Hii si serikali, tonto," Christella alisema. "Sifuri maana yake nimeshuka, nimechota mara kumi, nimehesabu, sikukuta kitu. Tupu maana yake sikwenda."

Léonce alisema mbu hawatakwenda kushitaki. Christella hakucheka. Alimwambia yaliyotokea asubuhi. Dokta Kabera naye anakaa upande ule wa Rebero, na siku ile ya kumi na nne gari lake lilikwama kwenye njia ileile. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile sifuri na kuuliza nani aliyehesabu. Christella aliomba akaangalie daftari kwanza. Sasa dokta anaamini namba amezitunga. Ijumaa saa sita mchana majina ya walioghushi yanakwenda kwenye kamati, na jina lake likienda, mwaka umekwisha, na bursi inayomlipia masomo haimngojei mtu arudie mwaka.

Léonce alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alijua anatakiwa kushtuka. Alisubiri kidogo. Halafu akasema, "Lete daftari."

Kwenye skrini kulikuwa na sifuri ishirini na tatu. Sita zilikuwa za kweli, Christella alishuka akachota akakosa. Kumi na saba zilikuwa za Léonce. Lakini sifuri hazina sura. Zimekaa pamoja, nyeupe zote, huwezi kumjua mwenyeji na mgeni. Na yeye, anayewapigia kelele watoto wa watu kuhusu nakala ya kwanza, hakuwa ameacha hata alama moja ya kuonyesha wapi alijaza. Lililobaki ni daftari, nalo lilikuwa limevimba kwa mvua kama mkate kwenye chai.

"Nikisoma nikipiga mwenyewe tutafika Jumapili," alisema Léonce.

Christella alipita upande wa kushoto. Alishusha rimu za karatasi kutoka kwenye stuli, akazipanga chini, akakaa, akafungua daftari na kuanza kusoma. Dimbwi la kwanza, kumi na nne. Dimbwi la pili, tisa. La tatu, thelathini na moja. Mikono ya Léonce ilikumbuka kabla yake, ikaanza kwenda. Walifika wiki ya tano.

"Dimbwi la nane, sita. La tisa, ruka."

Mikono ikasimama juu ya kibodi.

Xavérine alikuwa analisema neno hilo. Alilisema kivivu, bila kuinua kichwa, kama mtu anayefukuza nzi, na Léonce alikuwa anaruka bila hata kujua ameambiwa. Miaka kumi na tisa hivyo. Madaftari ya watu wa kuku, ya watu wa mvua, ya watu wa udongo, na hakuna aliyewahi kurudi na sifuri mkononi. Yeye alidhani ni mikono.

Aliangalia kama kile kilio kitakuja. Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Tonto?"

"Endelea."

Walimaliza kabla giza halijaingia. Safari hii vichumba kumi na saba vilibaki vitupu, na pembeni Léonce akaongeza safu moja zaidi, ya sababu: maji, maji, njia imefungwa, homa, maji. Na faili ya zamani hakuifuta. Aliipa jina lake mwenyewe, na tarehe, ili atakayetaka kuona kosa alione.

Grafu mpya ilikuwa mbaya. Ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Na ile habari nzuri ya mvua kusomba viluwiluwi ilikufa palepale, maana madimbwi machache aliyoyafikia Aprili yalikuwa na viluwiluwi karibu vilevile kama wiki nyingine. Christella aliangalia muda mrefu. Alisema kurasa mbili zote anazifuta. Léonce alimwambia nakala ya kwanza haifutwi. Christella akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano ianze.

Ijumaa asubuhi Léonce alivaa suti ya mazishi, maana nyingine hana, wakapanda pikipiki mbili mpaka chuo. Njiani alitengeneza mzaha wa kumfungulia dokta. Ulikuwa mzaha mzuri sana, kuhusu mbu na tai ya shingoni. Dokta Kabera alikulia Tanzania, mtu mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alisema karibu mzee, keti. Léonce alifungua mdomo na mzaha haukuwemo.

"Sifuri ni zangu," alisema. "Msichana aliacha wazi."

"Kwa nini ulizijaza?"

Kulikuwa na majibu mengi. Fomu, nyota nyekundu, serikali. Léonce alitazama meza.

"Hakuna aliyeniambia ruka."

Dokta hakuelewa, ilionekana. Alichukua daftari, akachagua vichumba kumi kwenye faili mpya, huku na huku, akavitafuta kimoja kimoja kwenye kurasa zile zilizovimba. Ilichukua muda. Christella alikuwa ameshika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili. Dokta alipofika cha kumi alifungua faili ya zamani, akaiweka kando ya mpya, akatazama tarehe.

"Ulisomea wapi kompyuta, mzee?"

"Kiyovu. Kwa sekretari."

"Na shule?"

"Primeri ya tano. Sikuimaliza."

Dokta Kabera aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha akamwambia Christella kwamba matokeo yake sasa ni membamba na alama nazo zitakuwa nyembamba, lakini ni zake. Aandike kurasa mbili mpya, aeleze mapengo, alete Jumatatu. Akachukua ile karatasi ya kamati, akalikata jina la msichana kwa kalamu, akaweka saini pembeni. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Kwenye ngazi Christella alilia. Léonce alimshikia daftari. Alimtazama akilia kama mtu anavyotazama mvua juu ya bati la wengine, bila wivu, bila kitu. Alipomaliza alimwambia mara nyingine awape mbu daftari la mahudhurio wasaini wenyewe. Christella alicheka na kamasi. Léonce alisikia kile kicheko kikipita karibu yake na kwenda zake.

Jumatatu alifungua duka. Rimu za karatasi zilikuwa bado chini, akaziacha hapo. Wakaja watoto wa mwaka wa kwanza na vijedwali vyao vya maharage, akawachapa kwa mdomo kama kawaida, na akaongeza jambo jipya: usiingize namba peke yako, tafuta mtu akusomee, na akikuta hakuna kitu aseme ruka. Mmoja aliuliza hiyo iko kwenye kitabu gani. Léonce alimjibu ni sheria ya Buyenzi. Kisha akawasimulia jinsi dokta mzima wa chuo alivyomketisha ofisini kwake na kumuuliza habari za masomo yake, na hakuna aliyeamini.

Kitu kimoja alikosea, miaka yote kumi na tisa. Xavérine hakuwa anamsomea tu.