Kumuuliza Kama Alikunywa Maji

Kaka yangu alifia Urusi, katika mwaka wake wa nne wa kusomea udaktari. Alizikwa hukohuko, nasi tukamswalia swala ya ghaibu hapa Garissa. Aliyekuwa naye siku ile ni bibi mmoja mzee aliyempangisha chumba, ambaye hajui lugha nyingine ila Kirusi.

Mama, ambaye sote tunamwita hooyo, alikuwa na swali moja tu: je, mwanawe alipewa maji kabla ya kukata roho? Tuliwaomba wanafunzi wenzake wamuulize yule bibi. Kila mmoja alizungukazunguka na maneno. Nikaamua kuuliza mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo nilifuata masomo ya Kirusi ya kwenye simu yaliyotungwa kwa wasemaji wa Kiingereza. Tuliambiwa tushike karatasi mbele ya mdomo: p ya Kiingereza huitikisa, ya Kirusi haipaswi kuitikisa. Tabu yangu ilikuwa hapo. Sisi Wasomali p hutuponyoka ikawa b, na katika Kiingereza nilikuwa nimeidhibiti kwa kuipulizia pumzi. Nilipoondoa pumzi, b ikarudi. Na kwa Kirusi, "pil" ni alikunywa. "Bil" ni alipiga.

Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi jikoni kwetu, mtaa wa Galbet. Hooyo alikaa mbele yangu akiitazama karatasi. Ikitikisika, alinyoosha kidole, nami nikaanza upya.

Tulipiga simu baada ya swala ya alasiri, tukaweka spika. Nilipouliza mara ya kwanza, bibi aliniuliza ni nani aliyepigwa. Mara ya pili alielewa. Akasema polepole, kama anayeongea na mtoto, "Aliomba maji. Nikaenda jikoni. Niliporudi, alikuwa ameshakufa."

Nilielewa kila neno.

"Amesema nini?" hooyo akauliza.

Nilitamani kumdanganya. "Aliomba, hooyo. Bibi akaenda kumletea. Hakuwahi."

Hooyo akainamisha kichwa. Kisha akaichukua simu, akamwambia yule bibi kwa Kisomali kwamba hana kosa, kwamba yeye amemridhia mbele ya Mungu. Alingoja nitafsiri. Neno la kuridhia sikuwa nimelifikia katika masomo yangu.

Bibi alikuwa amekisikiliza Kisomali kile hadi mwisho. Kisha akalitaja jina la kaka yangu, akalitamka vibaya kabisa, na hooyo akaitikia, "Haa, ndiyo. Ni huyo."