Mbeke na Mlango Uliojifunga

Mbeke alikuwa na dharau, wala hakuificha. Miaka kumi na saba alitengeneza umeme wa magari katika kibanda chake cha mabati Kitengela, na muda huo wote aliwaona mafundi wa kubahatisha wakizaana kama kunguni. "Fundi asiyepima," alizoea kusema, "ni mpiga ramli aliyevaa ovaroli."

Siku moja akaletewa gari la Githongo, mzee mwenye mashamba aliyezoea kusikizwa. Loki zilijifunga na kujifungua zenyewe, na kioo cha dereva kikishuka hakipandi. Fundi wake, Morgan, mtu wa laptopu na maneno mengi, alitangaza kwamba ile kompyuta ndogo ndani ya mlango, inayoamrisha loki na vioo, imekufa. Akaibadilisha. Ugonjwa ukarudi. Akaibadilisha tena. Kisha, huko Kajiado, Githongo aliposhuka kufungua geti, gari likajifunga, ufunguo ndani, na mama yake Margaret kiti cha nyuma. Vidole vyake vya baridi yabisi vilishindwa kuvuta loki. Jua lilikuwa la saa saba. Mwanawe alivunja kioo kwa jiwe, akamtoa akihema.

Sasa Githongo alichungulia ndani ya kibanda kana kwamba kuna mwanamume amejificha humo.

"Fundi ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Ama ulitaka mwenye ndevu?"

Morgan, aliyekuja naye, akadakia. "Mimi nilipima. Hiyo waya iko na volti kumi na mbili. Kama stima inafika, si shida ni kompyuta?"

"Ulipima ikiwa haibebi kitu," Mbeke alisema. "Hata kamba iliyobaki uzi mmoja huonekana kamba, mpaka uifungie ng'ombe."

Alichomoa plagi ya ile kompyuta, akaunganisha balbu ya taa kubwa ya mbele kwenye waya uleule. Balbu ilitoa wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Akausukuma mlango kidogo, ikawaka. Akaurudisha, ikafifia. Kisha akavuta ule mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi ya gari, akachuna gamba la waya mmoja. Ndani shaba ilikuwa imekatika kwa kukunjwa miaka yote, umebaki uzi mmoja, mwembamba kama unywele.

"Hiyo tu?" Githongo aliuliza.

"Hiyo tu. Kompyuta mbili mmetupa zikiwa nzima, na mama karibu aivie ndani kama kiazi."

Morgan alitazama viatu vyake. Mbeke aliunga waya mpya, akamwamuru afungue na kufunga mlango mara mia, na alipodanganya kwenye hesabu akamrudisha mwanzo.

"Kumbe mwanamke anaweza," Githongo alisema.

"Kumbe mzee anaweza kuona," Mbeke akajibu.

Lakini Margaret aliapa hatapanda tena gari hilo. Jumapili asubuhi Mbeke akafika Kajiado mwenyewe, akaketi naye kiti cha nyuma, akafunga na kufungua loki mpaka ajuza akachoka kuogopa.

"Huyu mwanangu ulimwambia ukweli?" Margaret aliuliza.

"Nilimwambia, shosho."

"Ulimwambia ni mjinga?"

"Hiyo nilikuachia wewe."

Margaret alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwita Githongo kwa sauti, awapeleke kanisani.