Nimekwangua nyumba ya mtu leo

Leo nimekwangua nyumba ya mtu kwa kisu, mchana kweupe.

Mnajua napenda kuunda mabehewa madogo ya abiria kwa mbao na kadibodi. La safari hii limenishinda rangi, maana picha niliyonayo ni nyeusi na nyeupe.

Basi nikaenda kwenye lile behewa kuukuu la aina hiyo hiyo, nyuma ya stesheni hapa Kasese. Limepakwa buluu. Nilidhani halikai mtu.

Nikakwangua sehemu yenye upana wa sinia. Chini ikatokea rangi ya damu ya mzee. Nilifurahi hadi nikapiga picha.

Dirisha likafunguka juu yangu.

"Baba, unatafuta nini ku nyumba yangu?"

Alikuwa mama wa Butembo, kule Kongo, anayeuza vitenge sokoni. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Tulipaka jana," akasema. "Kesho mutoto wangu anaolewa."

Kisu kilikuwa bado mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

Nikamweleza habari ya rangi ya zamani, huku nikijisikia mjinga. Akanizungusha hadi mlango wa nyuma.

"Huku hatukupaka. Ungepiga hodi tu."

Mlango mzima ulikuwa na rangi ile ile, na mstari wa krimu ambao sikuujua kabisa.

Nimenunua buluu, nimepaka mwenyewe. Yangu imekolea zaidi. Kiraka kinaonekana tangu barabarani.

Na bado amenialika harusini.

Niambieni ukweli, jamani. Niende?