Walimkagua Binti Yangu Kama Maksai wa Mnadani

Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana mume wangu ana marafiki wanaousoma. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ilongero. Nina hasira na nina kinyaa, mnivumilie.

Binti yangu mkubwa, tumwite Sara, ana miaka kumi na minane. Tulipohamia kijijini wadogo zake waliokuwapo hawakuwa na nguvu, basi baba yake akamfundisha yeye kulima kwa plau. Watu walipocheka aliwajibu, "Ng'ombe hawaulizi nani kavaa sketi." Leo Sara ndiye anayetegemewa katika shamba la kijiji, na mkutanoni husimama akasema bila kutafuna maneno. Nilijivuna, siwafichi.

Juzi akaja mzee wa kijiji cha jirani kumposea mwanawe. Kijana mwenyewe alikaa nyuma ya baba yake kama mgonjwa. Nikachinja kuku. Mzee akala akashiba, kisha akamwita Sara. Nilidhani atamwuliza habari za shule. Kumbe! Akamshika mkono, akaugeuza, akaminya kiganja kwa vidole vile vile vyenye mafuta ya kuku wangu. Akapanda mpaka begani, akaminya na huko.

"Kwa siku anamaliza eka?" akamwuliza mume wangu. "Na kifua hakimsumbui? Mke wa kaka yake huyu kijana wangu alikuwa anakohoa, hasara tupu."

Na mume wangu anacheka! "Huyu hachoki, mzee, hata jua la saa saba." Baba mzima kageuka dalali wa mtoto wake.

Sara hakuvuta mkono. Akasema kwa adabu, "Shikamoo, babu. Na mimi naomba nimkague mwanao. Afungue kinywa nione meno, halafu atembee mpaka zizini na kurudi."

Yule kijana akafungua kinywa kweli!

"Funga!" baba yake akafoka. Akainuka, akasema Jumamosi ataleta ng'ombe wa mahari, lakini kwanza Sara apige magoti mbele ya wazee aombe radhi.

Sasa mume wangu ananiambia nimemharibu mtoto kwa kumwachia mdomo. Mikono aliyoifundisha yeye ni sifa yake, mdomo ni kosa langu! Amesema nimshike mkono Sara nikampigishe magoti mwenyewe, la sivyo tuondoke wote wawili turudi kwetu, na wadogo zake niwaache. Wa mwisho bado ananyonya.

Jana Sara aliniambia, "Mama, ukiniambia nipige magoti nitapiga, kwa sababu ni wewe. Lakini uniambie kwa kinywa chako."

Nimejaribu kulitamka neno hilo nikiwa peke yangu kisimani, halitoki. Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Ninyi mliolea mabinti, nishaurini, nimwambie nini mwanangu?