Chubwi Mfukoni

Kwetu Msuka, kisiwani Pemba, niliambiwa kwamba anayesomea sayansi ya mazoezi chuo kikuu, akipimwa uzito asifike kilo sitini, hurudishwa kwao na boti ya kwanza. Mimi mhitimu wa shule ya usiku niliamini neno kwa neno, na mwembamba nilivyo, feni hunihamisha kiti! Siku ya kupimwa nikajaza mifukoni chubwi, zile risasi za kuzamishia mshipi wa baba wa kuvulia samaki. Kilo sitini na moja, alhamdulillahi!

"Sasa ruka, tuone unafika kimo gani," akasema mwalimu wetu, Bi Rukia.

Nikaruka. Suruali ikabaki chini, risasi zikatawanyika darasa zima.

"Mwalimu, usinirudishe Pemba!"

Bi Rukia, Mungu amzidishie, akainama kuziokota pamoja nami.

"Mwanangu, hapa harudishwi mtu kwa wembamba. Tunapimana ili mjifunze kutumia mizani."