Maximilla Hapandi Nyuma

"Juu ya muhogo, Maximilla. Mzee wa watu, na koti lake la kanisani, juu ya magunia ya muhogo kama jogoo anayepelekwa sokoni."

"Jogoo alikaa mbele," Maximilla alisema bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage. "Nilimpakata mwenyewe. Msimwingize jogoo kwenye maneno yasiyomhusu."

Immakulata, wifi yake, alikuwa ametoka Kabanga kwa miguu mpaka Heru Juu kuja kugombana, na mtu aliyetembea umbali ule kwa ajili ya ugomvi haondoki na nusu ya maneno. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kanga ameifunga kiunoni tayari. Katikati yao alisimama Bazilio, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, kama mtu aliyeshika mbuzi wawili kwa kamba moja. Na nyuma ya Bazilio, uani, kuku wameshaifanya kivuli, ilisimama pikapu nyeupe.

Pikapu ilikuwa ya Hilali, muuza magari wa Kasulu mjini. Aliwaazima waijaribu siku mbili, na kesho asubuhi alitaka jibu: waichukue, au wairudishe wachukue ile Noah, gari la abiria, iliyobaki uwanjani kwake. Bei zilikaribiana, kwa hiyo hapakuwa na bei ya kusingizia. Bazilio alishasema pikapu. Maximilla alishasema Noah. Fedha yenyewe ilikuwa ya maharage, na maharage yalikuwa yametoka kwenye mgongo wa Maximilla zaidi kuliko mgongo wa Bazilio. Hilo hata Immakulata alilijua, ndiyo maana alilikwepa, akakimbilia muhogo.

"Pikapu ni gari la kazi," Bazilio alisema kwa upole wa mtu anayejua anashindwa. "Tunapakia maharage, tunapakia muhogo, tunakwenda mpaka Kibondo. Mbele tunakaa watu watatu. Mimi, wewe, na..."

"Na nani? Malizia, baba Esteri."

Bazilio aligeuka kufukuza kuku chini ya pikapu.

Basi yafaa kumjua Maximilla kidogo, maana mtu asiyemjua angedhani mwanamke huyu anapenda starehe. Alizaliwa Kibondo, mama yake akiwa mchuuzi wa chumvi ya Uvinza, na tangu ashike shingo yake mwenyewe alisafiri juu ya malori. Alilala juu ya chumvi, akaamka juu ya mahindi, akaota meno juu ya samaki wakavu. Siku moja, akiwa kigori tu, lori liliruka shimo karibu na Makere, likamrusha akiwa usingizini, akaangukia katikati ya shamba la mtama. Lori likaenda zake. Mama yake alipofika Kibondo akilia na kujipiga mapaja, alimkuta binti amekaa sokoni anatafuna karanga, kwa sababu lori lilikuwa limekwama kwenye tope mara nyingi kuliko miguu ya mtoto ilivyochoka. Anayetaka kubisha abishe. Kovu liko kwenye goti la kushoto mpaka leo.

Hata kuolewa aliolewa nyuma ya lori. Alitoka kwao Kibondo juu ya magunia, na shangazi yake ubavuni kumshikia kitenge kisipeperuke. Ilikuwa kiangazi, barabara ile nyekundu iliwapaka vumbi mpaka kope. Walipofika Heru Juu, mama mkwe, Mungu amrehemu, alitoka na bakuli la maji ya kumnawisha bibi harusi usoni, akamnawisha shangazi. Wote wawili walikuwa wa rangi moja, kama vyungu viwili kabla ya kuchomwa. Wanasema shangazi alinyamaza, akanawa mpaka shingo, akauliza kama kuna na chakula.

Watu walicheka miaka. Maximilla naye alicheka. Lakini alipomzaa Esteri, kisha mapacha, Bukuru na Butoyi, kisha huyu wa mgongoni aliyefuata mapacha, ambaye kwa desturi hana jina lingine ila Kiza, alisema neno moja na hakulirudia, maana hakuona sababu: wanawe hawatapanda nyuma. Magunia yana kazi yao na watoto wana yao.

Sasa pikapu ile. Ukiitazama kwa haraka, mbele pana nafasi: dereva mmoja na wengine wawili. Lakini nyumba ile ilikuwa na desturi zake, za wazee waliovuka mpaka wa Burundi zamani na ng'ombe wao na heshima zao. Mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe. Hatamki jina lake. Hasemi naye ana kwa ana. Wakiwa na jambo, mjukuu huwa katikati, jambo linapita kwa mjukuu kama maji yanavyopita kwenye bomba. Maximilla alikuwa ameishika desturi hiyo miaka yote bila kuidondosha. Jina la mkwe wake ni Nduwayezu, kijiji kizima kinaliita, yeye alimwita "mwenye kofia" na hakukosea hata siku aliyopata homa ya kuweweseka.

Basi hesabu ni nyepesi. Mzee akienda safari, mzee anakaa mbele. Mzee akikaa mbele, mke wa mtoto hawezi kumgusa bega. Kwa hiyo mke anakwenda nyuma, na mke akienda nyuma watoto wanamfuata, mvua iwe mvua, vumbi liwe vumbi. Na mzee yule alipenda safari kuliko nyuki anavyopenda ua. Bazilio aliiona hesabu hiyo tangu uwanjani kwa Hilali, akaiona ni ya kawaida. Mama yake alipanda nyuma. Bibi yake alikwenda kwa miguu.

Jumapili wakawa wanakwenda Kabanga hospitali, kumtazama shangazi wa Bazilio aliyelazwa. Magunia mawili ya muhogo yalipakiwa kwa ajili ya ndugu wa huko, na jogoo wa mgonjwa. Mzee alikuwa bado anatafuta fimbo yake ndani. Maximilla akafungua mlango wa mbele, akaingia na Kiza mgongoni, akamvuta Butoyi, akamvuta Bukuru, akampakia Esteri dirishani, akapokea jogoo, akafunga mlango.

Mzee alitoka akasimama kando ya gari. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Kisha akasema, "Esteri, mwambie mama yako ashuke."

Esteri akageuza shingo. "Mama, babu anasema ushuke."

"Mwambie babu, mama anaomba radhi sana, huku mbele pamejaa watoto."

"Babu, mama anasema pamejaa sisi."

"Mwambie watoto wakae nyuma na mama yao."

"Mama, anasema..."

"Mwambie babu, mama hajasikia, jogoo anapiga kelele."

Jogoo alikuwa kimya kama mshitakiwa. Mzee alimtazama jogoo. Alimtazama mwanawe kwenye usukani, na mwanawe alikuwa ameshika kuchunguza kioo cha pembeni kana kwamba ndani yake kuna habari. Kufungua mlango hakuweza, maana kuingia mle kungekuwa kubanana na mke wa mtoto, paja kwa paja, mbele ya macho ya kanisa zima lililokuwa linatoka. Kumwamuru hakuweza, maana hasemi naye. Kubaki nyumbani hakutaka. Basi akavuta koti, akakanyaga tairi, akapanda.

Wanaosimulia safari ile wanasema kila shimo lilimpeleka mzee juu, na shimo moja karibu na Kabanga lilimpeleka juu kiasi kwamba aliona milima ya Burundi, akamwona na mtu anayelima, akarudi chini kukaa. Kofia ilibaki huko juu kidogo, ikashuka baadaye. Watu walioko kando ya barabara walimwamkia, naye akawapungia mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika gunia. Immakulata alikuwa kwenye lango la hospitali. Alimwona baba yake mzazi akishushwa na vijana wawili.

Na ndiyo sababu leo Jumatatu yuko hapa mlangoni.

"Naambiwa tangu jana hajatoka chumbani mwake," Immakulata alisema. "Aibu imemlaza. Umemwaibisha mzee wa kanisa, wifi. Umevunja desturi ya nyumba uliyoikuta."

"Nimevunja nini? Nilimgusa?"

"Hukumgusa."

"Nilimtaja jina?"

"Hukumtaja."

"Nilisema naye uso kwa uso?"

"Ulisema na Esteri."

"Basi desturi iko nzima, haina hata ufa. Ninyi ndio mnaotaka kununua gari lisilo na nafasi ya desturi." Maximilla alirusha maharage juu, upepo ukachukua makapi, maharage akayadaka. "Noah ina mistari mitatu ya viti. Mwenye kofia anakaa mbele na kofia yake. Mimi nakaa mwisho kabisa na Kiza. Katikati watoto. Kati yangu na yeye panakuwa na ukuta mzima wa watoto, na wote juu yao pana bati na pembeni pana kioo. Wanaotaka heshima, heshima ndiyo hiyo, imewekewa viti."

"Noah ina tumbo la chini," Bazilio alisema. "Kilima chetu kitalikwaruza."

"Zile za abiria zinazokwenda Kibondo zina miguu ya twiga? Zinapita tope hili hili, na watu wamejaa mpaka kwenye buti, na mbuzi juu."

"Na maharage je?"

"Maharage yatapanda lori kama nilivyopanda mimi. Yakiruka yakaanguka Makere, hayataita mama."

Immakulata alicheka bila kutaka, akajikohoza kuficha. Maximilla alimwona. Aliweka ungo chini.

"Wifi, nikuulize. Huyu mtoto wako wa mwisho, siku ulipopata uchungu, ulifikaje hospitali?"

"Nilibebwa na gari la jirani."

"Gari gani?"

Immakulata alikaza kanga. "Pikapu."

"Ulikaa mbele?"

"Mbele alikaa baba mkwe wangu. Alikuwa na haraka ya kwenda mnadani."

"Na wewe?"

"Si unajua nilikuwa wapi."

"Sijui, wifi. Nieleze."

"Juu ya matofali," Immakulata alisema. Alitazama pikapu pale uani, akaitazama tena, na kwa muda alisahau alikuwa amekuja upande wa nani. Kisha akakumbuka. "Lakini mimi sikumpandisha mzee juu ya hayo matofali."

"Ndiyo kosa lako."

"Mama Esteri," Bazilio alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda nusu ngazi. "Umesema yako, nimesikia. Sasa sikia na mimi. Mimi ndiye nitakayeendesha. Hizi habari za hatupandi nyuma, hatupandi nyuma, ni deko. Tutafunga turubai."

"Turubai ni la mahindi."

"Tutaweka godoro."

"Kwa hiyo unajua kuwa panaumiza."

"Sijasema panaumiza." Bazilio alivuta pumzi. "Unapenda kugeuza maneno. Mzee mwenyewe hajalalamika. Jana aliposhuka nilimuuliza, baba, safari ilikuwaje? Akasema upepo mzuri."

"Mdomo wake ulikuwa bado umejaa upepo, angesema nini kingine."

"Alisema upepo mzuri, na Immakulata shahidi."

"Alisema," Immakulata alikubali, lakini bila nguvu, kama anayelipa deni la mtu mwingine.

"Umesikia? Mzee wa umri ule, mwenye mifupa ile, kakaa nyuma Heru Juu mpaka Kabanga, akaenda na akarudi, hakusema hata neno. Mtoto mbichi kama Bukuru atashindwa nini? Kesho alfajiri nakwenda kwa Hilali, namwambia pikapu. Maneno yamekwisha."

"Hayajakwisha. Nenda kwa Hilali. Chukua pikapu. Utaendesha mwenyewe na magunia yako, na Jumapili utampakia mwenye kofia, na kiti cha katikati kitakuwa kitupu, kila mtu kuanzia hapa mpaka Kasulu atakiona kitupu, na atauliza mkeo yuko wapi. Nami nitakuwa natembea kando ya barabara na wanangu wanne, taratibu, nimevaa vizuri. Nitapunga mkono."

Bazilio alimtazama. Alimjua, alijua kwamba angetembea. Angetembea mpaka Kibondo, na kama miguu yake bado ilikuwa ile ya zamani, angefika kwanza.

"Usinitishe," alisema. "Nasema hivi, nyuma ya pikapu hapajamdhuru mtu yeyote wa nyumba hii, na baba yangu mzazi ndiye..."

Fimbo iligonga jiwe la uani.

Mzee Nduwayezu, ambaye tangu nyumba ile ijengwe hakuwahi kuvuka kuja upande wa jiko mke wa mtoto akiwepo, alikuwa anakuja upande wa jiko. Alikuja polepole, miguu ameiachanisha kama mtu aliyebeba boga katikati ya magoti, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kiunoni kwa nyuma. Alipita kando ya pikapu bila kuitazama. Maximilla alijitanda kanga kichwani na kugeukia ukuta, kama inavyompasa. Immakulata aliinuka upesi kumwachia kigoda.

Mzee alikitazama kigoda kile. Alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Esteri," alimwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza kando ya pikapu.

"Abee, babu."

"Mwambie mama yako aniletee kigodoro cha Kiza, nikalie."