Shangazi Katika Safu ya Tatu

Wanafunzi wangu wanapojiandaa kwenda vijijini kukusanya hadithi, huwaambia wasiogope. Watu watakusimulia, ukiwa na subira na ukikubali kushika jembe ukipewa. Kisha huwaeleza kuhusu fomu moja niliyoijaza katika kijiji cha Chonyonyo, ambayo mpaka leo sina hakika kama niliijaza sawasawa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nasoma fasihi chuo kikuu, na utafiti wangu ulihusu hadithi za familia zilizotoka Rwanda na Burundi zikaja Karagwe kufanya kazi katika kahawa. Nilitaka kujua katika hadithi hizo wasimuliaji wanajieleza kuwa ni nani. Fomu yangu ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya jina la hadithi, ya pili ya lugha iliyosimuliwa, na ya tatu ya msimuliaji: mwenyeji au mhamiaji.

Msimuliaji wangu bora alikuwa mama mmoja mjane wa makamo. Hadithi ya sungura alikuwa akiianza kwa Kirundi, akikasirika kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe, na maadili akinipa kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, mimi wa Muleba nisingeelewa vinginevyo. Safu ya pili ilinitesa, lakini ya tatu niliiona rahisi. Baba yake alitoka Burundi akiwa kibarua. Niliandika: mhamiaji.

Hapa nieleze jambo ambalo wakati ule nililiandika pembeni tu, kama pambo. Yule kibarua na mwenye shamba, mzee wa Kinyambo, walipatana hadi wakala kiapo. Walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akapaka punje yake damu ya mwilini mwake, akampa mwenzake ameze. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu, na watoto wao walikuwa ndugu kiasi cha kutoweza kuoana. Mzee akamkatia nduguye kipande cha kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, upande wa chini, na mpakani wakapanda mlamula, mmea wa majani marefu ambao kule haung'olewi bila baraza la wazee. Wazee wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Upande wa juu aliishi mtoto wa mwenye shamba, mwanamume asiye na dada wa kuzaliwa naye. Mama yule alimwita kaka, naye akamwita dada.

Siku moja majirani walikusanyika kwa yule mama kupukuchua maharage. Mimi, ambaye walishazoea kuniita mwalimu, niliamini kwamba ukiandika habari za mtu umsomee, ajue ulichoandika. Nikasoma. Nilipofika safu ya tatu, yule kaka akainua kichwa.

"Mwalimu, hebu rudia hapo. Mhamiaji ni nani?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikaeleza taratibu, kwa mifano: ni mtu aliyetoka kwingine, au aliyezaliwa na aliyetoka kwingine.

"Na wewe wa Muleba?" akadakia mama mmoja. "Au Muleba imehamia hapa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kaka hakucheka. "Na hilo linakwenda chuo kikuu, likiwa limeandikwa?"

"Linakwenda," nikasema kwa fahari.

Siku ya tatu nikakuta mlamula wa mpaka mzima umeng'olewa na kutupwa mtaroni. Kaka alikuwa akipanda migomba ng'ambo ya mstari wake, upande wa mama. Aliponiona akaniambia kwa upole, kama mtu anayenishukuru, "Umesema mwenyewe, mwalimu. Mhamiaji huwa na kibanja?"

Nilikimbilia kwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani.

"Shikamoo mama. Nitafuta. Nitaandika mwenyeji."

"Marahaba. Ukifuta, baba yangu atakuwa ametoka wapi? Mbinguni?"

"Basi niandike yote mawili?"

"Unaniuliza mimi, mwanangu? Mwenye kalamu ni wewe." Akapepeta kidogo. "Kibanja kinaniuma. Lakini kinachoniuma zaidi, asubuhi amepita hapa akasema, 'Habari za leo, mama.' Mama! Miaka yote hii."

Nilirudi nilikofikia, nikaifungua fomu tena. Kila neno katika fomu lilikuwa kweli, na bado fomu ilikuwa imemnyang'anya mtu kwao. Ningefuta lipi?

Jumamosi ile wakwe watarajiwa walikuja kwa kaka kumposa binti yake. Nilikuwa kwa mama, nikimsaidia kuchagua maharage nisiyoyaona vizuri kwa aibu, tulipomwona kaka akishuka. Amevaa kanzu na koti, na mkononi ana kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Habari za hapa, mama."

Mama akaendelea na maharage.

"Wageni wamefika. Binti amejifungia ndani, anasema bila shangazi yake hatoki. Wakwe wanauliza shangazi wa mtoto yuko wapi."

"Watafutie. Mimi ni mhamiaji, nina kazi."

Kaka akanitazama kana kwamba ni mimi niliyesema. Kule binti hatolewi bila shangazi, na shangazi ni dada wa baba. Alikuwa na mmoja tu duniani, na huyo alimpata kwa punje ya kahawa ambayo baba yake aliimeza.

"Dada," akasema chini chini.

"Sijasikia. Maharage yana kelele."

"Dada!"

Mama akaweka ungo. "Kaka yangu, nitapitaje? Zamani nilikuwa nikiuona mlamula najua hapa ni kwangu, pale ni kwako, na kote ni kwetu. Sasa sioni kitu."

Kaka akavua koti, akashuka mtaroni na kanzu yake. Mlamula haufi upesi. Majani yalikuwa yamelegea, lakini mashina yalikuwa mabichi. Nikainama nimshikie moja.

"Wewe acha, mwalimu," akasema. "Umeshika ya kutosha."

Akarudishia mlamula wote, shina kwa shina, na migomba aliyopanda akaing'oa mwenyewe. Mama alipoona mstari umefika mwisho, akachukua punje ya kahawa kikapuni, akaitafuna, akaingia kubadilisha kanga. Wakapandisha pamoja kuelekea juu, kaka mbele na pindo la tope, mama nyuma. Baada ya muda mfupi nikasikia vigelegele: binti alikuwa ametoka.

Nilibaki na fomu. Niliandika "shangazi" katika safu ya tatu, nikafuta, nikaandika tena. Mwalimu wangu chuoni alilizungushia neno hilo wino mwekundu, na pembeni akaniuliza, "Wa nani?" Mwishowe nilimrudishia fomu bila jibu, na sikumsomea mtu.